Kwa nini baba akiachika inakuwa komedi, mama akiachika inakuwa kilio?

Mzee wa Mikanda #1
Wakuu salaam. Nimerudia Mrs. Doubtfire, ile ya 1993, Robin Williams anajigeuza bibi kizee ili aajiriwe uyaya kwenye nyumba ya mke waliyeachana naye. Nimecheka kama kawaida ila safari hii kuna kitu kimenikaa kooni. Hebu toeni vichekesho ibaki stori tupu: mwanaume hana kazi, hakimu kampa Jumamosi tu za kuona watoto wake watatu, kahamia kwenye kachumba hakaeleweki, anadanganya kila mtu ili apate kuingia nyumba aliyokuwa anaishi mwenyewe, mwisho anaumbuka na hata hizo Jumamosi anawekewa msimamizi wa kumchunga. Hiyo ni komedi kweli?

Alafu angalieni mwaka uliofuata, 1994, The Santa Clause ya Tim Allen, baba katalikiwa. 1997 Liar Liar ya Jim Carrey, baba katalikiwa. Zote komedi. Mama akiachika kwenye muvi tunaandaliwa leso kabisa. Hoja yangu: Hollywood inamwona baba aliyenyang'anywa watoto kuwa kituko. Karibuni mnipinge.

Kiti cha Nyuma #2
Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

BintiSinema #3
Mkuu umechagua ushahidi unaokupendeza. Kramer vs. Kramer ya 1979 umeiweka wapi? Dustin Hoffman kaachiwa mtoto, mke kaondoka, anajifunza kumpikia mtoto kifungua kinywa huku anavuruga jiko zima, alafu mama anarudi wanaburuzana mahakamani. Hamna anayecheka pale. Na ilibeba Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo baba wa kulia alikuwepo tena mapema.

Mzee wa Mikanda #4
Hiyo ya 1979 naijua dada, na ndo inanipa nguvu. Walishaonyesha kwamba inaweza kutengenezwa kwa heshima. Sasa nini kilitokea katikati hapo mpaka baba akavalishwa sketi na wigi?

Jongoo Mkimya #5
Mi naona jibu liko kwenye hicho kifungua kinywa alichotaja BintiSinema. Baba akiingia jikoni watu wanategemea ashindwe, na mtu akishindwa kitu ambacho wote mnajua atashindwa mnacheka. Kumbukeni siku ya kwanza ya Mrs. Doubtfire kazini. Anainamia jiko kaweka kifua cha bandia, kifua kinashika moto, anakizima kwa mifuniko miwili ya sufuria, moshi unatoka kwenye nguo, mwisho anaagiza chakula cha watu anakipanga mezani kama kapika yeye. Sasa mweke mama kwenye kipande hichohicho. Mama aliyetalikiwa, hajui kupika, anaagiza chakula anadanganya. Hamcheki, mnamhukumu. Kwa hiyo baba hachekwi kwa sababu ya talaka, anachekwa kwa sababu matarajio yako chini ya uvungu.

Zuu #6
#5 weka saini hapa 👏 Baba akibadilisha nepi mara moja anapigiwa makofi, mama akisahau mara moja anaitiwa kikao.

Msoma Sheria #7
Nyie mnazunguka mbali, angalieni tarehe. California, ambako ndiko stori inatokea (San Francisco), ndo jimbo la kwanza Marekani kuruhusu talaka bila kumtafuta mwenye kosa. Gavana Ronald Reagan alisaini 1969, ikaanza kutumika Januari 1970. Kabla ya hapo ilibidi mmoja athibitishe kwamba mwenzake ni mzinzi au mkatili au kamtelekeza, watu wakawa wanatunga mpaka ushahidi wa uongo ili waachane. Baada ya hapo inatosha kusema tumeshindwana. Majimbo mengine yakafuata. Sasa fanya hesabu, watoto waliokulia kwenye hizo talaka za miaka ya sabini na themanini, ikifika 1993 ni watu wazima wenye hela ya tiketi, na wengine wana watoto na wameshaachana wenyewe. Studio haikuwa na nia mbaya na baba, ilikuwa inawauzia watu maisha yao. Na ukitaka familia nzima ije ukumbini na bisi mkononi humuuzii kilio.

Kasuku #8
Na Reagan mwenyewe alikuwa ametalikiwa, alikuwa mwigizaji. Ndo rais pekee wa Marekani aliyewahi kuachana na mke.

BintiSinema #9
Kasuku, wa kwanza, sio pekee. Trump kaachana mara mbili na kaingia Ikulu mara mbili.

Kasuku #10
Nilipoandika "pekee" nilikuwa bado niko miaka ya themanini na huyo mzee Reagan, msinikatishe safari 😂

Bi Mkali #11
Nimesoma mpaka hapa hakuna hata mmoja aliyemtaja Miranda, yule mama wa kwenye muvi, kama hayupo vile. Mnamlilia Daniel, baba. Rudini mwanzo wa muvi. Daniel kaacha kazi siku hiyohiyo, kagombana na bosi kwenye kuingiza sauti za katuni, sawa, alikuwa na msimamo wake. Anafika nyumbani anamfanyia mtoto bethidei ambayo mama yake alishaikataza kwa sababu ya ripoti mbaya ya shule, anajaza wanyama ndani ya nyumba, muziki juu, anacheza juu ya meza. Miranda anapigiwa simu ofisini na jirani. Anaacha kazi anakuja kukuta wanyama wamejaa na polisi mlangoni. Na watoto wanamwangalia yeye kama ndo katibua sherehe!

Miaka 14 ya ndoa yeye ndo askari magereza na mwenzie ndo mchekeshaji. Akisema nimechoka, eti hana moyo. Mleta mada anauliza kwa nini baba anachekwa, mi nauliza kwa nini mama hapewi hata utani mmoja kwenye muvi nzima. Sally Field ni mwigizaji mkubwa sana lakini pale kapewa kazi ya kukunja uso.

Mzee wa Mikanda #12
Bi Mkali, hapo kwenye kukunja uso sikupingi. Ila hakimu je? Miezi mitatu atafute kazi na nyumba, wakati mama kapewa watoto siku hiyohiyo.

Bi Mkali #13
Alikuwa na kazi? Hana. Nyumba? Analala kwa kaka yake. Ulitaka hakimu awapeleke watoto watatu wakalale kwenye kochi la Frank?

Baba Jumamosi #14
Hili jina langu sikulitoa kwenye muvi, nimelitoa kwenye karatasi ya mahakama. Niseme tu kitu kimoja ambacho watu hawakioni kwenye hii filamu. Wote mnakumbuka moto na meno ya bandia kudondokea kwenye glasi. Mi nakumbuka pale mama anapokuja kuwachukua watoto kwenye ile nyumba mpya ya baba, maboksi hayajafunguliwa, na amekuja mapema, na baba anaanza kubishana juu ya dakika. Sio pesa, sio nyumba, ni dakika. Mtu ambaye hajapitia hawezi kuelewa jinsi unavyoanza kuwa bahili wa dakika, mtoto akienda chooni unaona kama muda wako unaliwa. Na kingine ni kwamba ukipewa siku moja huwezi kuwa mzazi, unakuwa mtumbuizaji, kwa sababu nani atataka kumfokea mtoto kuhusu hesabu wakati hamtaonana mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo mnaposema baba wa kwenye muvi ni wa utani, mi naona hakuletwa hivyo na Hollywood, kaletwa na ratiba.

Ila Daniel ni kinyume kidogo, alikuwa mtumbuizaji kabla ya talaka, akaja kuwa mzazi alipovaa sketi. Yaya ndo anasema zimeni tivii fanyeni homuweki. Hapo ndo mwandishi alinimaliza.

Jongoo Mkimya #15
Baba Jumamosi pole kaka. Umeandika kitu.

Zuu #16
🙏

Kasuku #17
Wakati tunafuta machozi naomba niwakumbushe Chachi 420, ile ya Kihindi 😂 Kamal Haasan kajigeuza shangazi, Tabu ndo mke, alafu baba mkwe Amrish Puri anampenda huyo shangazi!! Amrish Puri, adui wa maadui, anatongoza! Kwangu ile ndo bora kuliko ya Wazungu, na stelingi mwisho anarudiana na mke wake, watu wanatoka wamefurahi. Wahindi ndo walianza au Wamarekani?

FundiMitambo #18
Wamarekani 1993. Kamal Haasan akaichukua wazo akaifanya kwa Kitamil kwanza, Avvai Shanmughi, 1996, alafu Chachi 420 kwa Kihindi mwaka 1997 akaiongoza mwenyewe. Yule katoto wa kike wa Chachi 420 ndo Fatima Sana Shaikh, alikuja kuwa mpiga mieleka kwenye Dangal ya 2016. Lakini hata Wamarekani hawakuanza, nyuma yake kuna kitabu cha Mwingereza Anne Fine, Madame Doubtfire, 1987. Kwenye kitabu huko Uingereza baba ni mwigizaji asiye na kazi, anafika mpaka kukaa uchi achorwe na wanafunzi wa sanaa ili apate hela. Na wazazi wanavyochukiana mle, muvi imepakwa asali.

BintiSinema #19
Asante FundiMitambo, na hapo Kasuku kagusa jambo bila kujua (kama kawaida yake). Mwisho! Chachi 420 wanarudiana. Liar Liar wanarudiana. The Parent Trap, ya 1961 na ya 1998 zote, mapacha wanahangaika mpaka wazazi wanarudiana. Mrs. Doubtfire HAWARUDIANI. Chris Columbus, mwongozaji wake, ameshaeleza kwenye mahojiano kwamba kulikuwa na shinikizo la kuwarudisha, na yeye na Robin Williams na Sally Field wakakataa. Ukiangalia kwa jicho hilo, komedi hii ndo iliyomheshimu mtoto wa talaka kuliko nyingine zote. Kile kipande cha mwisho Mrs. Doubtfire yuko kwenye tivii anamjibu mtoto ambaye wazazi wake wameachana, anamwambia wengine wanarudiana na wengine hawarudiani, na kwamba kutorudiana sio kosa la mtoto. Huyo ni bibi wa bandia mwenye pua ya plastiki anasema ukweli ambao hakuna mtu mzima mwingine kwenye muvi aliyeusema.

Mzee wa Mikanda #20
Sasa kwa nini ilibidi pua ya plastiki ndo iseme? Unanisaidia hoja tena. Alivyosimama mahakamani kama Daniel, suti na tai, akaeleza anavyowahitaji watoto wake, hakimu akasema huo ni uigizaji wa mtu mwenye kipaji. Baba akisema kweli hasikilizwi, akivaa wigi anapewa kipindi cha tivii.

Msoma Sheria #21
Hakimu alikuwa na msingi bana. Mtu kaingia kwenye nyumba ya mwenzie kwa utambulisho wa uongo wiki kwa wiki, kafuta namba ya simu kwenye tangazo la kazi kaweka nyingine ili waombaji wengine wasipate, alafu akapiga yeye kwa sauti mbalimbali akijifanya waombaji wa hovyo ili yeye aonekane malaika. Iondoe sura ya Robin Williams, mweke mwanaume usiyemjua. Ungempa watoto?

Zuu #22
Eeh hapo ukiweka na muziki wa kutisha tu imekuwa filamu nyingine kabisa 😳

Jongoo Mkimya #23
Na ndo maana nasema inategemea nani anaigiza. Mmesahau Robin Williams ndoa yake ya kwanza ilivunjika 1988, miaka mitano kabla, na alikuwa na mtoto wa kiume kwenye ndoa ile. Columbus alikuwa anaweka kamera kadhaa kwa pamoja kwa sababu jamaa akianza kubuni maneno huwezi kumwambia arudie, hatarudia yaleyale. Kwa hiyo mnachocheka sio skripti. Ni mtu mmoja anakimbia. Kumbukeni kile cha yule mama wa mahakama anakuja kukagua nyumba. Sura ya bandia imeanguka dirishani ikakanyagwa na lori, anachomeka uso kwenye keki ndani ya friji, anageuka kapaka krimu nyeupe uso mzima anasema ni matunzo ya ngozi, na ile krimu inaanza kudondoka tone tone kwenye chai ya mgeni. Mpe mwigizaji mwingine kipande hicho uone kama kitabeba.

Kasuku #24
Uso ule ndo uliobeba Oscar jamani, ya vipodozi. Robin mwenyewe akapata Golden Globe.

FundiMitambo #25
Na filamu yenyewe ikachukua Golden Globe ya komedi. Kwa hiyo mleta mada, mahakama ya Golden Globe imeshasema ni komedi, kata rufaa 😂

Mtu wa Kambo #26
Habari zenu, huwa nasoma tu siandiki ila leo naomba nimsemee Stu, yule mpenzi mpya wa Miranda. Mi ni baba wa kambo. Kwenye hizi muvi tatu za mleta mada, zote, kuna mwanaume wa pili. Mrs. Doubtfire ana Stu, Santa Clause ana Neil yule daktari wa akili, Liar Liar ana Jerry. Waangalieni vizuri. Wana kazi, wanafika kwa wakati, hawajampiga mtu, wanawapenda watoto wasio wao. Kosa lao ni nini? Hawachekeshi. Basi. Neil kosa lake ni kusema Santa hayupo, na ni kweli hayupo! Jerry kosa lake ni kupata kazi Boston. Mimi watoto wa mke wangu waliniita kwa jina langu mpaka leo wananiita kwa jina langu na sina shida, lakini tukiangalia hizi muvi pamoja sebuleni, ikifika sehemu Stu anapigwa na ndimu kichwani pale kwenye bwawa wote wanacheka na mimi nacheka nao, kwa sababu nisipocheka itakuwaje.

Bi Mkali #27
Mtu wa Kambo karibu sana, usirudi kwenye kusoma tu. Umeongea kuliko wote.

Kasuku #28
Ila Stu (Pierce Brosnan) alilipwa fidia, 1995 akawa James Bond 😂😂

Baba Jumamosi #29
Kaka wa kambo, mi niko upande wa pili wa hiyo sebule na nimekusoma. Sina cha kuongeza. Ila Jerry wa Boston nakataa. Kumhamisha mtoto wa mtu upande wa pili wa nchi sio "kupata kazi".

Mtu wa Kambo #30
Hilo nimelichukua kaka.

BintiSinema #31
2015 ikaja Daddy's Home wakageuza, baba wa kambo (Will Ferrell) ndo stelingi na baba mzazi (Mark Wahlberg) ndo anakuja na pikipiki kuvuruga. Kwa hiyo hata kituko kimehamia kwa mwingine, sio lazima awe baba mzazi.

FundiMitambo #32
Tokeni Marekani kidogo. Kuna ya Kiitalia ya 2012, Posti in piedi in paradiso, ya Carlo Verdone, kaongoza na kaigiza. Wanaume watatu waliotalikiwa wanachangia nyumba moja Roma kwa sababu hela yote inaishia kwenye matunzo ya watoto na wake wa zamani. Mmoja anauza santuri za zamani, mwingine mkosoaji wa sinema kashushwa kwenye kuandika umbea wa mastaa, wa tatu dalali wa nyumba. Pale hakuna wigi. Kichekesho ni wanaume wa makamo wanaishi kama wanafunzi wa bweni, wanahesabiana bili. Kwa hiyo mwaka huo wa 2012 Muitalia haulizi "nitawaonaje watoto", anauliza "nitalala wapi". Maana kule nyumba ya familia kwa kawaida anabaki nayo mzazi anayeishi na watoto, hata kama aliyejenga ni mwingine.

Msoma Sheria #33
Sahihi, na hao wana sheria ya tangu 2006 inayosema malezi ya pamoja ndo kanuni. Lakini karatasi inaweza kusema pamoja na mtoto akawa analala sehemu moja. Talaka yenyewe waliipata 1970, wakapiga kura 1974 kama waifute, karibu asilimia 59 wakakataa kuifuta. Na mpaka 2015 mlikuwa mnatengana kwanza, mnasubiri miaka mitatu ndo mpewe talaka. Miaka mitatu huko katikati unaishi wapi? Kwa Verdone.

Mzee wa Mikanda #34
Hiyo ya Verdone naitafuta leo. Lakini ona, nayo ni komedi!!

Jongoo Mkimya #35
Mzee wewe unataka baba alie ndo uridhike. Labda komedi ndo mahali pekee wanaume wenzetu wanakubali kwenda kuangalia haya mambo. Waambie "twende tukaangalie filamu ya huzuni ya talaka" uone nani atatoka ndani.

Nusu Wiki #36
Mi nimekulia nyumba mbili, nina begi langu toka nikiwa mdogo. Watu wazima mnabishana kuhusu baba na mama na baba wa kambo, basi mi niseme tulivyokuwa tunaiangalia mimi na mdogo wangu. Tulikuwa hatucheki kwenye moto. Tulikuwa tunacheka pale Chris, yule mtoto wa kiume, anafungua mlango wa choo anamkuta Mrs. Doubtfire anakojoa amesimama, kwa sababu kuanzia hapo watoto wakubwa wanajua siri na mama hajui. Hicho ndo kilikuwa kitamu, watoto kujua kitu. Maana kwenye talaka halisi watoto ndo wa mwisho kuambiwa, unajua kwa kusikiliza mlangoni. Na yule mdogo Natalie hajui mpaka mwisho, mdogo wangu alikuwa anamwonea huruma yeye tu.

Na samahani Mzee wa Mikanda, baba kama kituko? Tulikuwa tunaona baba anayehangaika kurudi. Wetu hakuhangaika. Tulikuwa tunairudia hiyo muvi kwa ajili hiyo.

Mzee wa Mikanda #37
Nusu Wiki nimekusoma mara mbili. Asante. Hoja yangu bado ninayo lakini nimeishusha sauti.

Zuu #38
Natalie si ndo yule wa Matilda?

BintiSinema #39
Ndo huyohuyo, Mara Wilson. Matilda ilitoka 1996.

Bi Mkali #40
Sawa, na kabla hamjaondoka nina swali la jinai, Msoma Sheria lisikupite. Stu ana mzio wa pilipili. Daniel anajua. Anaingia jikoni kwenye mgahawa anamiminia pilipili chakula cha mtu, mtu anakabwa nusura afe. Kuna kikao cha mahakama baada ya hapo. Mbona hakuna anayeitaja pilipili?

Msoma Sheria #41
Ile ni mahakama ya familia, haisikilizi jinai. Na shahidi aliyeona anamimina hayupo.

Kasuku #42
Alafu aliyemkaba tumbo mpaka akatapika kikapona ni nani? Daniel huyohuyo. Mkombozi!

Bi Mkali #43
Kwa hiyo nikikusukuma mtoni nikakutoa unanishukuru?

Mtu wa Kambo #44
Mi kama Stu ningeanza kula nyumbani tu.

Kiti cha Nyuma #45
Nimekaa toka post ya pili sijasema kitu. Sisi tuliona anamimina. Ukumbi mzima uliona. Mashahidi wapo, Msoma Sheria fungua faili.